Desili glukosidi, betaini au slesi: uchague kipi kwa ngozi ya Tanga

Anayetaka kutengeneza sabuni ya maji ya kuogea hapa Tanga ana viambato vinne vya kuchagua. Kuna slesi, ambayo wengi wanaiita ungaroli. Kuna betaini, kuna desili glukosidi, na kuna isethionati ya nazi inayouzwa ikiwa unga mweupe au vijiti vidogo. Ukiongeza sabuni ya kipande tuliyoizoea, vinakuwa vitano. Vyote hutoa povu na kuondoa mafuta, na karibu vyote husifiwa kwa neno lilelile: nazi.

Ninavilinganisha kwa ajili ya watu wawili. Wa kwanza ni yule anayejaza chupa chache nyumbani Makorora au Chumbageni ili auzie majirani na wateja wa soko la Mgandini. Wa pili ni mama aliyesimama dukani akigeuza chupa kusoma maandishi ya nyuma kabla hajamwogesha nayo mwanawe. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: kwa watengenezaji wengi wadogo, slesi kidogo iliyochanganywa na betaini ya kutosha na kupimwa pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi) ni salama zaidi kwa ngozi kuliko desili glukosidi iliyotengenezwa haraka haraka bila kipimo. Desili glukosidi ni kiambato kizuri kweli, na pale inapostahili nitasema. Lakini jina lake peke yake halimlindi mtu.

Nazi haithibitishi upole

Sisi wa pwani tukisikia nazi tunatulia. Minazi ya Pangani na Muheza imetulea, mafuta yake tumepakwa tangu uchangani, kwa hiyo chupa ikiandikwa "imetokana na nazi" mkono unakwenda wenyewe. Hapa ndipo watu wengi hupotezwa.

Karibu nusu ya asidi zilizo kwenye mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye mnyororo wa kaboni 12. Mnyororo huo ndio viwanda hupenda kuutumia kutengeneza vitoa povu. Kutoka kwenye mafuta hayohayo, au kutoka mafuta ya mise, yaani kiini cha mbegu ya mchikichi, ambayo muundo wake unakaribiana nayo, hupatikana betaini na isethionati. Desili glukosidi hutokana na sehemu ya minyororo mifupi zaidi, ya kaboni 8 na 10. Lakini hukohuko hutoka pia sodiamu laurili salfeti, ambayo watafiti wa ngozi huitumia kwa makusudi wanapotaka kuichokoza ngozi ili wapime dawa au mafuta ya kuituliza. Nazi ni moja, watoto wake wana tabia tofauti kabisa.

Hata sabuni ya kipande ya nazi tupu ni kali. Hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, na ndiyo maana mabaharia waliithamini, lakini nguvu hiyohiyo huuacha uso umekauka na kuvuta. Mtengenezaji anayejua kazi huchanganya nazi na mafuta mengine, au hupunguza magadi makali ili mafuta kiasi yabaki bila kugeuka sabuni. Kwa hiyo ukiulizwa na mteja, "Hii ya nazi si ndiyo nzuri, mwanangu?" mjibu kwa adabu kwamba inategemea nazi hiyo imegeuzwa kuwa nini, na imetiwa kiasi gani.

Kinachoiumiza ngozi

Tabaka la juu la ngozi limejengwa kama ukuta wa nyumba kongwe za Pangani: seli zilizokufa ndiyo mawe ya matumbawe, na mafuta ya asili yaliyo katikati yao ndiyo chokaa. Kitoa povu kina ncha mbili, moja inapenda maji na nyingine inapenda mafuta. Ncha ya mafuta hushika uchafu, ncha ya maji huuvuta utoke. Haijui kutofautisha mafuta ya samaki uliyotoka kukaanga na mafuta ya ngozi yako, kwa hiyo huchukua yote inayoyafikia. Mbaya zaidi, vitoa povu vyenye chaji hasi, kama laurili salfeti na sabuni ya kawaida, hujishika pia kwenye protini za ngozi na kuzifanya zivimbe. Ndiyo maana mtu hutoka bafuni ngozi ikikwaruza, na baada ya dakika chache imepauka.

Mambo manne huamua ukali: aina ya kitoa povu, wingi wake, pH ya mchanganyiko, na muda unaokaa mwilini kabla ya kusuuzwa. Kuna la tano ambalo husahaulika sana, nalo ndilo linalobeba ulinganisho huu wote: kuchanganya. Ndani ya maji molekuli hizi hukusanyika vikundi vikundi vinavyoitwa miseli. Zinazopenya na kuchokoza zaidi ni zile zilizobaki peke yake, pamoja na miseli ndogo ndogo. Ukiiweka betaini ndani ya slesi, miseli hukua na molekuli zinazozurura peke yake hupungua. Matokeo yake, mchanganyiko huwa mpole kuliko slesi peke yake, hata kama jumla ya vitoa povu ni ileile. Upole unaweza kuutengeneza kwenye ndoo kwa kipimo. Unaweza pia kuununua ukiwa tayari kwenye kopo, halafu ukauharibu mwenyewe.

Desili glukosidi na betaini, ana kwa ana

Desili glukosidi ni muungano wa sukari na alkoholi ya mafuta. Emil Fischer alieleza njia ya kuunganisha vitu hivyo mwaka 1893, lakini viwanda vilianza kuizalisha kwa wingi kwa ajili ya vipodozi karibu miaka 100 baadaye. Haina chaji yoyote, kwa hiyo haina sababu kubwa ya kung'ang'ania protini za ngozi. Inavumilia maji magumu na huoza kirahisi ikishamwagwa. Haipiti kwenye hatua ya kiwandani inayoweza kuacha mabaki ya dioksani, kemikali isiyotakiwa, hatua ambayo slesi hupitia. Kwa mtu anayeshindwa na kila sabuni, hizo ni sifa za kweli.

Sasa udhaifu wake. Ikitoka kiwandani huwa na pH ya 11.5 hadi 12.5. Ngozi ya mtu mzima iko karibu na 5, na sabuni ya kipande huwa kati ya 9 na 10. Kwa maneno mengine, kiambato hiki kinachoitwa kipole zaidi huingia nyumbani kwako kikiwa na ukali wa magadi zaidi kuliko sabuni yenyewe. Ukichanganya na maji, ukatia manukato, ukajaza chupa bila kuishusha pH kwa sitriki, asidi ileile ya limau, umemuuzia mtu kitu kitakachomwasha uso, huku bango lako likisema "kwa ngozi laini". Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu anayenunua chupa hiyo ni yule ambaye ngozi yake tayari imeteseka.

Pili, haikubali kuongezwa uzito kwa chumvi. Aliyezoea sabuni ya maji anajua ule utamu wa kutia chumvi kidogo na kuona mchanganyiko unashikana. Kwa desili glukosidi utatia chumvi mpaka uchoke na itabaki majimaji. Inahitaji unga wa kuongeza uzito, gamu ya zanthani au CMC, uliolowekwa kwanza kwenye gliserini ili usifanye madonge. Povu lake ni la mapovu makubwa na jepesi, na mteja wetu aliyezoea povu zito anaweza kudhani amepunjwa. Kwenye nywele, ikiwa peke yake, huziacha zimekauka na kushikana, na kwa nywele za kipilipili kitana kitalia. Kama unatengeneza shampuu, usiifanye ndiyo nguzo pekee.

Betaini, kwa jina lake kamili kokamidopropili betaini, ina chaji mbili, hasi na chanya, na tabia yake hubadilika kidogo kulingana na pH. Huja ikiwa maji ya rangi ya majani ya chai hafifu, pH yake karibu na 5, na tayari ina chumvi ndani yake kutoka kiwandani. Ukiiunganisha na slesi, mambo matatu hutokea kwa pamoja: ukali hupungua, povu huwa laini kama krimu, na mchanganyiko hushika uzito kwa chumvi kidogo tu. Haisumbui sana macho, na kwa sababu hiyo utaiona kwenye bidhaa nyingi za watoto. Ikiwa peke yake haisafishi vya kutosha mtu aliyepakwa liwa na mafuta siku nzima. Ni msaidizi bora kuliko kiongozi.

Ukiniuliza kipi kati ya hivyo viwili ni kipole zaidi, jibu ni kwamba vikipimwa vyema vinakaribiana sana, na vikichanganywa pamoja vinapendeza kuliko kila kimoja peke yake. Tofauti inayomgusa mtengenezaji wa Tanga ni kwamba betaini husamehe makosa, desili glukosidi haisamehi.

Mpole si sawa na asiye na mzio

Kuchokozwa kwa ngozi ni jambo moja, mzio ni jambo jingine. Kuchokozwa kunaweza kumpata yeyote akioga na kitu kikali cha kutosha. Mzio ni kinga ya mtu fulani kuikataa molekuli fulani, na huweza kuamka hata baada ya miaka ya kuitumia bila shida.

Chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani huteua kila mwaka kiambato kimoja ambacho madaktari wanapaswa kukimulika. Mwaka 2004 kiliteua betaini hii. Mwaka 2017 kiliteua kundi la glukosidi, na desili glukosidi ni mmojawapo. Kwa betaini, lawama nyingi huangukia masalia ya kiwandani yaliyobaki ndani yake, kwa hiyo betaini iliyosafishwa vizuri hupunguza hatari. Slesi, tunayoiogopa sana, kwa kawaida humsumbua mtu kwa kumkausha na kumchokoza. Mzio wake ni nadra.

Simaanishi uvikimbie. Wanaovitumia bila tatizo ni wengi mno. Ninachomwomba anayeuza ni kwamba asiandike "haina mzio kabisa", maana hakuna mwenye uwezo wa kuahidi hilo. Na anayenunua, hasa mwenye pumu ya ngozi, aanze na sehemu ndogo ya mkono karibu na kiwiko: aioshe kwa bidhaa hiyo na kuisuuza kama atakavyofanya bafuni, asubuhi na jioni, kwa wiki moja. Pakianza kuwasha au kutoka vipele, aache. Kama betaini imemkataa, hapo ndipo desili glukosidi inapopata nafasi yake ya kwanza ya kweli, na kinyume chake pia.

Isethionati na sabuni ya kipande

Isethionati ya nazi ndiyo iliyowezesha kipande cha kuogea kisicho sabuni kwa maana ya kawaida. Kipande cha Dove, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1957, kimejengwa juu yake. Ina chaji hasi lakini ni mpole kwa namna inayoshangaza, na povu lake ni zito na laini. Kwa anayetaka kutengeneza kipande cha uso au shampuu ya kipande, sioni mshindani wake kati ya hivi vinne.

Kwa sabuni ya maji, hapana. Haiyeyuki vizuri kwenye maji ya baridi, na ukiilazimisha kwa moto, kesho yake utaikuta imejitenga tena na kuganda chini ya chupa. Vumbi lake linakereketa pua na koo vibaya sana, kwa hiyo uvae barakoa na uzime feni kabla ya kupima.

Sabuni ya kipande ya kawaida ina jambo moja jema ambalo nalitetea: ni rahisi, haihitaji kihifadhi kama vitu vya maji, na kwa mikono na miguu ya mtu mwenye ngozi imara haina neno. Kwa uso, kwa mtoto mchanga, na kwa mwenye pumu ya ngozi, pH yake ya 9 hadi 10 ni mzigo usio wa lazima. Huwezi kuishusha pH hiyo kwa limau, kwa sababu asidi itaivunja sabuni na kurudisha mafuta.

Maji yetu

Hapa ulinganisho unakuwa wa Tanga hasa. Maji ya bomba ya mjini hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi. Lakini nyumba nyingi za pwani zinategemea visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na chokaa, mwamba wa jamii ileile uliotoboka kuwa mapango ya Amboni. Maji ya namna hiyo hubeba kalisi. Sabuni ya kipande ikikutana na kalisi hufanya ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni, na utando huohuo hubaki kwenye ngozi na nywele. Mtu huongeza sabuni akidhani haijasafisha, na ngozi inazidi kupauka.

Desili glukosidi na betaini hazifanyi utando huo. Slesi nayo huvumilia vizuri. Kwa hiyo anayeoga kwa maji ya kisima huko Mwambani au Tongoni ataona nafuu kubwa kwa kuacha tu sabuni ya kipande na kuhamia kisafishi chochote kati ya hivi vya maji, kabla hata ya kubishana kipi ni kipole zaidi. Kwa kutengenezea usitumie maji ya kisima. Tumia maji yaliyotoneshwa, au ukikosa kabisa, ya bomba yaliyochemshwa na kuchujwa. Chumvi za kisimani huvuruga uzito wa mchanganyiko na kuuharibu mapema.

Hesabu ya bei

Usilinganishe bei ya kilo kwa kilo. Linganisha bei ya nguvu halisi iliyomo, yaani kiasi cha kitoa povu chenyewe. Slesi ya kawaida ni uji mzito wenye nguvu ya asilimia 70, kwa hiyo kilo 1 inakupa gramu 700 za kitoa povu. Desili glukosidi ina takriban asilimia 50, yaani gramu 500. Betaini ya kawaida ina kama asilimia 30, gramu 300 tu, zilizobaki ni maji na chumvi. Gawanya bei ya kilo kwa gramu hizo ndipo utajua unalipa nini. Betaini inayoonekana rahisi dukani inaweza kukugharimu kuliko ulivyodhani, na slesi karibu kila mara itashinda kwa bei. Muulize muuzaji cheti cha kopo hilo, na kama hajui asilimia ya nguvu, nunua kwingine.

Kwa sabuni ya maji ya mwili, mchanganyiko ninaoupendekeza kwa kilo 1 ni huu: slesi gramu 120, betaini gramu 120, gliserini gramu 20, kihifadhi, na maji kufikia 1,000. Ukipiga hesabu, slesi inatoa gramu 84 za nguvu na betaini 36, jumla 120, yaani asilimia 12. Inatosha kabisa. Fomula nyingi za mtaani huweka zaidi ili povu lifurike, na povu hilo la ziada ndilo linaloikausha ngozi. Slesi usiimwagie maji kidogo kidogo, maana itageuka kuwa donge gumu. Itie yenyewe taratibu kwenye maji mengi, ukoroge polepole usijaze hewa, kisha uiache usiku kucha iyeyuke. Chumvi ije mwisho kabisa, iliyoyeyushwa, kwa kijiko kidogo kidogo. Ukizidisha, uzito uliokuwa umepanda utaporomoka ghafla na hautarudi.

Kwa kisafishi cha uso: desili glukosidi gramu 140, betaini gramu 100, gliserini gramu 30 iliyochanganywa na gamu ya zanthani gramu 8, kihifadhi, na maji kufikia 1,000. Nguvu yake ni gramu 70 kuongeza 30, asilimia 10. Kisha sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji, tone kwa tone, koroga, pima kwa karatasi ya pH, rudia, mpaka ufike kati ya 5 na 5.5. Usishuke chini ya 4, kwa sababu asidi kali huanza kuivunja glukosidi yenyewe. Kama huna karatasi za pH, usitengeneze hii. Tengeneza ile ya slesi na betaini kwanza, na hata hiyo uipime mara ukizipata.

Kihifadhi, na formalini

Kwenye kisafishi chochote cha maji, joto letu na unyevunyevu wa bahari ni sherehe kwa bakteria. Mtu aliyejaliwa moyo wa vitu vya asili hushawishika kuacha kihifadhi kabisa, na mwezi haujaisha chupa inanuka au imebadilika rangi. Hilo ni hatari kuliko kitoa povu chochote nilichokitaja, hasa kwa macho ya mtoto.

Lakini kosa la upande wa pili limeenea zaidi: kuchukua formalini inayotumika kwenye sabuni ya maji ya kusafishia sakafu na kuitia kwenye kisafishi cha uso. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka formaldehidi, ambayo ndiyo iliyoyeyushwa ndani ya formalini, kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004, na kwa mzio wa ngozi ina sifa mbaya ya siku nyingi. Iache kabisa. Tumia fenoksiethanoli isiyozidi asilimia 1, ikisaidiwa na benzoeti ya sodiamu, ambayo hufanya kazi vizuri pale tu pH inaposhuka hadi karibu na 5. Kihifadhi kinapimwa kwa mizani inayosoma sehemu za gramu. Kijiko hakitoshi.

Kwa anayenunua

Geuza chupa. Majina ya nyuma hupangwa kuanzia kilichomo kwa wingi, na utayakuta yameandikwa kwa tahajia ya kimataifa: slesi ni Sodium Laureth Sulfate, betaini ni Cocamidopropyl Betaine, isethionati ni Sodium Cocoyl Isethionate, na desili glukosidi ni Decyl Glucoside. La kwanza kwa kawaida ni maji. La pili na la tatu ndiyo mwili wa bidhaa. Kama mbele pameandikwa kwa herufi kubwa "glukosidi ya nazi" lakini nyuma imekaa chini ya manukato, basi ipo kiasi kidogo sana, kwani manukato yenyewe mara nyingi hayafiki hata asilimia 1. Hapo unalipia jina. Kama betaini inafuata moja kwa moja baada ya slesi, ni dalili njema. Kama ipo slesi au laurili salfeti peke yake, na chupa inadai ni ya ngozi laini, irudishe rafuni.

Mama mwenye mtoto mchanga hahitaji kununua chochote kwa haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri kumwogesha mtoto kwa mara ya kwanza baada ya saa 24 tangu azaliwe, na katika wiki za mwanzo maji ya vuguvugu peke yake yanatosha kwa sehemu kubwa ya mwili. Akianza kutambaa na kuchafuka, kisafishi cha desili glukosidi na betaini kisicho na manukato ndicho ningemchagulia. Hiyo ndiyo nafasi ya pili ya desili glukosidi. Ya tatu ni uso wa mtu mzima unaovuta na kuwasha kila akinawa, hasa anayenawa kwa sabuni kila anapotawadha. Huyo maji matupu yanamtosha kwa udhu, na kisafishi akitumie jioni tu, mara moja, kuondoa jasho na mafuta ya siku.

Mwenye ngozi ya mafuta na chunusi, fundi gereji, mvuvi, mama lishe anayeshinda kwenye moshi: slesi na betaini. Wanahitaji nguvu zaidi kidogo, na hakuna sababu ya kuwatoza bei ya glukosidi. Dodoki walitumie mwilini, lakini usoni waliache, kwa kuwa hata kisafishi kipole kikisuguliwa hugeuka kikali.

Ukishaanza kuuza

Vipodozi tangu mwaka 2019 viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya jukumu hilo kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ndiko pa kuanzia kuuliza kuhusu mafunzo ya sabuni na njia ya kufikia viwango. Kwenye lebo andika viambato vyote, tarehe ya kutengeneza, na namba ya mkupuo, ili mteja akikurudia na kipele ujue ni ndoo ipi.

Jambo la mwisho ni kwa wanaopeleka mzigo Lushoto. Slesi, na zaidi jamaa wa desili glukosidi wenye minyororo mirefu kama laurili glukosidi, hukakamaa kwenye baridi ya Julai mpaka kopo lisimwagike. Hazijaharibika. Liweke kopo kwenye ndoo ya maji ya moto, lisubiri lilainike lote mpaka chini, ulikoroge, ndipo upime, kwa sababu ukichota sehemu ya juu iliyoyeyuka peke yake, nguvu uliyoipima haitakuwa ile iliyoandikwa kwenye cheti.